Kaniki Inachuja

Duka la Jivraj lilitazamana na reli ya Tabora,
na barazani palikuwa na cherehani ya baba yangu, Mihayo,
nami chini yake, kwenye upepo wa kanyagio,
nikiokota vifungo.

Jivraj hakusimulia hadithi; aliipima.
Yadi ya kwanza: korongo mzee anawaapia samaki
kwamba bwawa litakauka, atawahamisha mmoja mmoja.
Yadi ya pili: jiwe, na miiba ya samaki juu yake.
Yadi ya tatu: kaa anauliza, mbona hapa pananuka?
Mteja akichelewa kutoa pesa,
kaa alibaki shingoni mwa korongo
hadi Jumatatu.
Ndipo mkasi, kacha,
na adili likaanguka mezani pamoja na kipande cha marekani:
Usimwamini anayekuonea huruma kabla hujalia.

Wapasua mninga, makuli wa stesheni, wauza asali
waliokuja na nyuki wawili watatu bado wamelewa kwenye madebe,
wote walimjua kobe aliyebebwa angani kwa fimbo,
akaanguka kwa kutaka kujibu matusi.
Wanyama hao wa kwao Bara Hindi, alisema,
bibi yake aliwavusha bahari bila tiketi,
chini ya ulimi.
Lakini sungura wake aliongea Kinyamwezi cha Isevya,
na simba wake alidai kodi kama karani wa boma.

Mimi nilimchukia mmoja tu: bweha.
Usiku, mbwa nyuma yake, alitumbukia pipa la nili,
akatoka buluu, msitu ukamtawaza,
hadi bweha wengine walipolia mbali,
koo likamwasha,
naye akalia.
Wakamrarua.
"Kacha. Rangi si ngozi," alisema Jivraj.
Nikajiuliza chini ya cherehani: kulia ni kosa?

Masika fulani baba alivaa kaniki mpya, ya mkopo.
Mvua ikamkuta njiani kutoka Kanyenye.
Alifika barazani buluu ikimchirizika hadi vifundoni,
nyayo zake zikiandika kwenye saruji.
Jivraj akacheka mbele ya wateja:
"Tazameni bweha wetu!"
Baba hakusema neno. Alifunika cherehani kwa gunia.
Siku nne kanyagio halikupumua.

Siku ya tano Jivraj akaja Isevya kwa miguu,
kobazi mkononi kwa sababu ya tope,
akaketi juu ya kinu kilicholazwa.
Mama akampa karanga. Alizimenya polepole,
nami nikaziona kucha zake.
Buluu. Mistari ya viganja, buluu,
miaka thelathini ya kufungua majora ya kaniki.
Nikasema, kwa mdomo wa kobe:
"Bwana, na wewe ulitumbukia lini?"
Mama akanikanyaga mguu.

Yeye aligeuza viganja, akavitazama
kama risiti ya mtu mwingine.
Treni ya mizigo ikapita, mabehewa yote.
Kisha, bila yadi, bila mkasi:
"Hadithi ile niliikata vibaya.
Kuna kipande nilikiruka, dukani hakiuziki.
Bweha alipotawazwa, kazi yake ya kwanza
ilikuwa kuwafukuza bweha wenzake.
Hakufa kwa kulia. Kilio kile
ndicho kitu pekee cha kweli alichosema tangu awe mfalme."
Akamtazama baba. "Na juzi, aliyefukuza ni mimi."

Baba akapasua karanga, akaitafuna yote, akameza.
"Kaniki yako inachuja," alisema.
"Punguza bei."

Sasa cherehani ni yangu, na duka linauza simu.
Nawasimulia watoto wa mtaa, na nikifika penye adili
nauacha mkasi wazi.
Jana Nyamizi, aliyeng'oka meno ya mbele, akauliza:
"Na mwenye pipa?
Nili yake iliyoharibika, nani alimlipa?"

Kwa swali hilo Jivraj angempa kitambaa bure,
yadi nzima.
Mimi bado natafuta jibu.